Gitaa la Kulia Lichelewe Kidogo

Wajukuu zangu mnaokaa kwenye mikisa, ile mashine ya kuchanganya sauti, sasa hivi, mmeniomba niseme kazi ilivyokuwa. Haya, nasema. Kuandika kwangu ni kwa shida, darasa la nne niliishia mlangoni, nikatolewa kwenda kulea wadogo zangu. Kwa hiyo mimi naongea hapa barazani kwangu Kiseke, Neema mjukuu wangu anaandika. Neema, andika hivyo hivyo inavyotoka, usininyooshe. Nikinyooshwa sitakuwa mimi tena, nitakuwa taarifa ya habari.

Mshahara siusemi. Vyeo navyo siviongelei, maana cheo changu kilikuwa kimoja toka mwanzo mpaka mwisho: "Mama Majura, njoo, inakoroma!" Nitawaambia mambo ya sauti, na hasa gitaa moja lililotaka kumfukuzisha mtu kazi kwa sababu ya wembamba wa sauti yake.

Mimi nilianza na samaki. Nilikuwa nakaanga sato Igoma, kwenye bustani ya Mzee Magesa, pale palipokuwa na bendi kila Jumapili alasiri. Watu wanatoka kanisani, wanakula, wanacheza na watoto wao, jua likielekea kuzama wanaenda kwao. Ukumbi wenyewe paa la bati na nguzo, ukuta hakuna. Mzee Magesa alikuwa mwenye bustani na mwenye vyombo. Yaani spika zake, ngoma zake, maiki zake, hata nyuzi za gitaa ni zake. Na mnajua mwenye vyombo ndiye mwenye bendi. Mkigombana naye mnabaki na midomo yenu, mpige miluzi.

Fundi mitambo alikuwa Kulwa, Msukuma mrefu, mpole, mpenda vichwa vya samaki. Siku moja nimempelekea kichwa chake, namkuta ameinama nyuma ya spika, na spika inatoa mlio, ngrrrrr, kama mzee aliyeshiba ugali.

Nikamuuliza, "Fundi, mbona hiyo inakoroma?"

"Inakoroma kwa sababu imelala."

"Si uiamshe?"

Akacheka. "Mama, mikono yako mikavu?"

"Ina mafuta ya samaki."

"Futa, uje ushike waya huu."

Nikafuta kwenye kitenge, nikashika. Waya ulikuwa umelala kiubavu na waya wa umeme, kama mke na mume. Nikausogeza pembeni, kukoroma kukapungua. Nikaurudisha, kukarudi. Nikausogeza. Nikaurudisha. Kulwa akasema, "Mama Majura, sasa unachezea." Nikamwambia, "Sichezei, naangalia unapoumwa." Akanitazama hivi, akaniachia waya. Samaki wakaungua wote siku hiyo, na sikuwasikitikia hata mmoja.

Ndiyo siku ya kwanza. Jumapili iliyofuata niliacha kikaango kwa mdogo wangu, nikaenda kukunja nyaya.

Kulwa hakuwa mtu wa maneno mengi. Alinifundisha kukunja waya bila kuuvunja shingo, kuchomelea nyaya kwa risasi ya kuyeyusha bila kuunguza vidole, kunusa amplifaya. Ndiyo, kunusa. Amplifaya kabla haijafa inatoa harufu ya ugoro uliolowa, na ukiwahi harufu umezuia mazishi. Mikisa alinifundisha kwa mfano wa jiko, maana ndiyo shule niliyokuwa nayo: kila mstari wa vitufe ni jiko moja na sufuria yake, huyu ni mwimbaji, huyu ni besi, huyu ni gitaa, na wewe ndiye unayeongeza moto na kupunguza. Ila neno lake kubwa lilikuwa hili: sikio lina miguu. "Fundi asiyetembea," alikuwa anasema, "huyo ni mlinzi wa mashine." Kila bendi ikianza wimbo wa pili, ananisukuma bega: nenda. Zunguka. Kasimame kwa wanaokula, kasimame kwa wanaocheza, kasimame chooni ukipenda, urudi uniambie umesikia nini. Nilizunguka mpaka watu wakadhani nimepoteza mtoto.

Na wanaume walikuwa wanakuja, "Mama, fundi yuko wapi?" Nasema, "Ndiye mimi." Anasema, "Hapana, namaanisha fundi." Namjibu, "Basi yuko njiani, kaa umsubiri." Wengine nadhani wanasubiri mpaka leo.

Sasa niwalete kwenye magitaa.

Bendi ilikuwa na wapiga gitaa wawili. Wa kwanza Ta Deo, Mhaya wa Bukoba, mwembamba, shati limenyooshwa hata kama anaenda sokoni. Sisi wote tulimwita Ta, kwa heshima ya kwao. Alisimama kushoto. Wa pili Misana, alisimama kulia, yeye alikuwa anaishi ng'ambo, Busisi, na kila Jumapili anachelewa. Anaingia wenzake wameshafunga nyuzi, anasema, "Kivuko, jamani. Kivuko!" Hata siku alipolala Igoma hapa hapa kwa shemeji yake, alichelewa, na akasema kivuko. Ta Deo akamwambia, "Shemeji yako anaishi ndani ya maji?"

Na kwenye wimbo pia alichelewa! Siyo sana. Wanapiga mstari mmoja, noti zile zile, lakini Misana mkono wake unatua nyuma kidogo tu ya wa Ta Deo, kama mtu anayemfuata mwenzake kwenye kijia chembamba. Ukisikiliza haraka hujui. Utasikia tu gitaa limejaa, limetanda toka nguzo ya huku mpaka nguzo ya kule, kama kitenge kilichoanikwa. Bendi za wenzetu zilikuja na vyombo vipya vya kung'aa, na gitaa lao halitandi hivyo. Nilimuuliza Kulwa kwa nini. Akasema, "Mikono miwili." Nikasema, na wale pia wana wapigaji wawili. Akasema, "Kula samaki wako." Maana yake naye hajui. Alikuwa mkweli kwa njia yake.

Kuna siku Mzee Magesa alichukia ule uchelewaji. Akawaweka wawili mazoezini, yeye anapiga makofi, papa, papa, mpaka Misana akanyooka, akawa anatua sawasawa na Ta Deo, tap, kama mtu mmoja. Jumapili wakapiga hivyo. Jamani! Gitaa lilikonda. Limetoka hospitali. Magitaa mawili, yanatoa sauti ya moja, limesimama katikati kama msumari. Wiki iliyofuata Mzee mwenyewe hakuja na makofi yake. Misana akarudi kuchelewa kwa raha zake. Mimi hilo jambo nikaliweka kichwani, nikalifunika sahani. Nilijua kuna kitu, sikujua ni nini.

Miaka ikaenda. Kulwa akatangulia mbele za haki, nikakaa mimi kwenye mikisa. Halafu Misana akapata kiharusi. Mungu alimwacha na mdomo na miguu, ila mkono wa kushoto, ule wa kubana nyuzi, ukagoma. Akarudi kwake Busisi. Ta Deo akabaki peke yake kule kushoto, na kulia pakabaki kiti kitupu ambacho hakuna aliyetaka kukiondoa.

Jumapili ya kwanza bila Misana ilikuwa aibu. Ta Deo anapiga vizuri, vidole vile vile, lakini sauti inapita katikati ya watu kama maji ya kuoshea mikono. Wacheza dansi wanakaa chini mapema. Mzee Magesa anakaa kaunta siku zote, ana kiti chake pale, na baada ya muziki akatuita.

"Ta Deo," akasema, "sina ugomvi na wewe."

Mtu akianza hivyo ujue ugomvi upo.

"Gitaa halijazi ukumbi. Nimeona kinanda mjini, kimoja kinapiga magitaa, tarumbeta, mpaka filimbi. Pasaka ikifika na hali ni hii, naleta kinanda. Wewe utapumzika."

Ta Deo akasema, "Tafuta kijana asimame kwa Misana."

"Tumeshajaribu wawili mazoezini, umewakataa wote."

"Walikuwa wananikimbilia mbele, Mzee. Siwezi kupiga huku nafukuzwa."

"Basi Pasaka."

Ta Deo akachukua gitaa akaondoka, mgongo umenyooka kama shati lake. Mke wake alikuwa ameshafariki, watoto wako mbali. Jumapili kwake ndiyo ilikuwa wiki nzima. Ukimwondolea Jumapili umemwachia nini? Nikasema moyoni, Mama Majura, Kulwa alikuachia masikio kwa kazi gani?

Nikaanza kuhangaika. Kwanza nikafanya kile ambacho kila mtu anafanya: nikaongeza sauti. Watu wakaziba masikio. Hapo mnisikilize wajukuu zangu, kuongeza sauti siyo kuongeza upana. Mtu mwembamba akipiga kelele ni mwembamba mwenye kelele. Halafu nikampeleka Ta Deo spika zote mbili, kushoto na kulia, sawa kwa sawa. Ule msumari ukarudi: spika mbili zikisema kitu kimoja kwa wakati mmoja, sikio linakiweka katikati, basi. Halafu nikamwekea mwangwi. Mikisa yetu mpya ilikuwa na mwangwi ndani yake, ile mnayoita dilei, mashine inashika sauti, inaikawiza, ndiyo inaitoa. Nikaukuta umewekwa mrefu, wa mapango. Ta Deo anapiga ting, nao unajibu ting, ting, ting. Mpiga ngoma akanyanyua kichwa, "Mama, mimi nimfuate yupi kati ya hao walevi?"

Nikauzima.

Sasa njooni nyumbani kwangu. Nyuma hapo kuna jiwe kubwa, mmeliona, limesimama kama ukuta wa kanisa. Mwanza nani hana jiwe? Nilikuwa nafua siku moja, nakung'uta shuka, pah! Nikasikia shuka limelia nene. Nikashangaa. Nikasogea mpaka kwenye kamba ya kuanikia, mbali kidogo, nikakung'uta, pah-pa. Zimekuwa mbili! Mimi mwenyewe moja, na jiwe lake moja. Nikarudi karibu, pah, moja nene. Nikaenda mbali, pah-pa. Shuka moja mkononi, nafanya kama nimerukwa na akili. Jirani yangu kachungulia.

"Mama Majura, unagombana na jiwe?"

"Naliuliza."

"Linajibu?"

"Linajibu vizuri kuliko wewe. Hebu njoo upige makofi."

Akaja, maana naye anapenda mambo. Tukasimama karibu na jiwe tukapiga makofi, tukarudi nyuma hatua, tukapiga, tukarudi tena. Na kuna mahali, siyo karibu kabisa, siyo mbali, kofi linakuwa nene, limejaa, lakini bado ni kofi moja. Ukizidisha hatua, linapasuka linakuwa mawili. Sauti inatembea, si mnajua? Ufukweni ukimwangalia mtu anapigiza nguo kwenye jiwe kwa mbali, unaona mkono umeshatua ndiyo unasikia. Sasa ikienda kwenye jiwe na kurudi upesi, sikio haliwahi kusema "huyu ni mwingine." Linasema tu, "huyu ni mkubwa."

Nikasimama pale na maji ya sabuni yananichuruzika viwikoni. Misana! Misana ndiye alikuwa jiwe. Uchelewaji wake ndio ulikuwa upana. Magesa alipomnyoosha kwa makofi, aliliondoa jiwe.

Jirani akaniuliza, "Umeona nini?" Nikamwambia, "Nimemwona mpiga gitaa." Akaenda zake, nadhani alimwambia mumewe nimeanza kuzeeka.

Jumamosi mchana nikamwita Ta Deo mazoezini, sisi wawili tu. Na hapa ndiyo nataka msikilize kwa masikio yote. Gitaa la Ta Deo nikalipeleka spika ya kushoto, kavu, halijaguswa. Nikachukua sauti ile ile nikaipitisha kwenye dilei, ijirudie mara moja tu, isirudie rudie, nikaipeleka spika ya kulia peke yake. Ile mashine inaikata sekunde moja vipande elfu. Nilianzia kwenye vipande mia tatu, walevi wakarudi. Nikashuka. Mia, bado wawili. Hamsini, kwenye noti za kudonoa unawasikia wanakanyagana. Nilipofika kwenye ishirini na kitu, wee! Kitenge kikatanda. Nikashuka zaidi nione, maana mimi lazima nione: chini ya kumi likaanza kulia kama kopo, likaegemea upande. Nikarudi ishirini na mbili, nikaacha hapo.

Lakini bado lilivutia kushoto. Sikio ni kama mwenye nyumba, linamfungulia anayebisha kwanza. Kwa hiyo wa kulia nikamwongezea sauti kidogo awe sawa na mwenzake, halafu nikampunguzia ukali wa juu, aonekane ana vidole vingine, vinene kidogo. Misana alikuwa na vidole vinene. Na besi sikuigusa, wala ngoma. Ukiichelewesha ngoma umechelewesha ukumbi mzima.

Ta Deo jukwaani akaniuliza, "Umefanya nini? Mimi sisikii kitu."

Kweli hasikii. Spika yake ndogo ya miguuni ina gitaa lake kavu peke yake, na lazima iwe hivyo, la sivyo atachanganyikiwa.

"Hutakiwi kusikia, Ta. Wewe piga kama siku zote."

"Napiga kwa imani?"

"Si ulisali asubuhi? Endelea."

Kesho yake ndiyo Pasaka. Watu wamejaa, watoto na nguo mpya, marinda yanasugua viti. Wimbo wa kwanza ukaanza, na mimi nikaona mabega ya watu yanafunguka. Wachezaji wakaenea ukumbi mzima, mpaka pembe zile ambazo tangu Misana aondoke zilikuwa za viti vitupu. Mama mmoja akamwonyesha mwenzake jukwaani, anamtafuta mpigaji wa pili. Nikajisikia kama nimekaanga sato wa kilo nne bila kuvunja mkia.

Mara Mzee Magesa ananiita kwa kidole, kule kaunta. Nikaenda natabasamu.

"Mama Majura," akasema, "hilo gitaa mmelitia kwenye dumu?"

"Dumu gani, Mzee?"

"Si unasikia? Linalia ndani ya dumu la maji. Afadhali hata lilivyokuwa mwanzo." Akasukuma glasi yake ya soda. "Nimevumilia. Kesho naenda kuchukua kinanda. Mwambie Ta Deo, au nimwambie mwenyewe?"

Nikataka kubisha, halafu nikasikiliza. Jamani, kweli! Pale kaunta gitaa lilikuwa na tundu katikati. Ooong, ooong, limetobolewa tumbo. Na hatua chache tu mbele watu wanacheza kwa raha! Lakini niwaambie ukweli, nilikuwa naogopa na huku nimefurahi. Kwa nini hapa liwe hivi? Nikasema, "Mzee, nipe nyimbo mbili. Usimwambie."

Sikio lina miguu. Nikatoka kaunta nikaenda ukumbini: pana. Nikarudi kaunta: dumu. Ukumbini: pana. Kaunta: dumu. Mzee ananitazama naenda na kurudi kama kuku anayetaka kutaga. Mara ya tatu nikanyanyua macho. Juu ya kaunta kulikuwa na spika yake ndogo, moja, imefungwa kwenye nguzo.

Moja.

Sasa mnajua desturi yetu ya kufunga spika ya kaunta. Kila baa, kila ukumbi huku kwetu ndivyo tunavyofanya: tunachukua waya wa kushoto na waya wa kulia, tunazisokota pamoja, tunaziingiza kwenye spika moja, ili mwenye kaunta asikose kitu. Eti tumemhurumia. Na miaka yote haikuleta neno, maana kushoto na kulia vilikuwa vinasema kitu kimoja. Sasa nimewafanya wawili, mmoja anawahi, mmoja anachelewa. Ukumbini kila mtu ana mlango wake, wanaingia vizuri. Kaunta nimewasukuma wote kwenye mlango mmoja, wanabanana, huyu anamla yule nyama, kinachotoka ni mifupa.

Nikapanda kiti. Mama mzima wa Pasaka, na gauni la kanisani. Nikazisokotoa zile nyaya, nikautoa wa kulia, nikauzungushia tepu nyeusi, nikaacha wa kushoto. Mwimbaji yuko pande zote mbili, hakupungua kitu. Gitaa likajaza tumbo hapo hapo.

Mzee Magesa akashusha glasi. "Umeleta nani?"

"Sijaleta mtu, Mzee. Nimetoa mmoja. Hapa kwako amebaki Ta Deo peke yake."

"Na kule?"

"Kule wako wawili. Nenda ukaone."

Tangu nimjue, Mzee Magesa haachi kiti cha kaunta wakati wa muziki. Aliona watu wataiba vijiko. Siku hiyo akashuka. Akatembea pole pole mpaka katikati ya wachezaji, akasimama, mikono nyuma. Akageuza kichwa kushoto, kwa Ta Deo. Akageuza kulia, kwenye kile kiti kitupu. Akakitazama sana. Ta Deo juu pale anapiga, haelewi kwa nini mwenye vyombo anakikodolea macho kiti, akadhani ndiyo mwisho wake, akazidi kupiga kwa heshima ya kuaga. Nikamwona anafumba macho.

Wimbo ulipoisha Mzee akapanda jukwaani, akamshika Ta Deo bega. "Kile kiti," akasema, "kisiondolewe."

Kinanda hakikuja.

Ta Deo aliniuliza mara nyingi nini kilitokea siku ile. Nilimweleza jiwe, nikamweleza shuka, akawa anatikisa kichwa kama anamsikiliza mtoto. Aliendelea kupiga kwa imani, anasikia gitaa lake moja kavu miguuni, na ukumbi mzima unasikia mawili. Nilimwambia ashuke siku moja asikilize. Akasema mpiga gitaa akishuka jukwaani ni kama padri akishuka altare kwenda kuangalia misa. Nikamwacha.

Mwaka huu nimestaafu. Magoti yamekataa ngazi, na masikio yamechoka kidogo, sauti za juu juu sizisikii vizuri. Jumapili yangu ya mwisho tulimwalika Misana. Siku hizi daraja lipo, gari linapita juu ya maji kama kwenye sakafu, kivuko hakuna tena. Tukaanza muziki. Misana hajafika. Nyimbo tatu, hajafika. Anaingia huyo, fimbo mkono wa kulia, ule wa kushoto ameulaza tumboni, amevaa kofia.

Nikamwambia, "Misana! Kivuko tena?"

"Mama Majura, shikamoo ya uzee. Nilikuwa naliangalia daraja."

"Linasogea?"

"Halisogei. Ndiyo maana nilikuwa naliangalia."

Nikamkalisha kwenye kiti katikati kabisa ya ukumbi, pale ambapo spika zote mbili zinakutazama usoni. Sikumwambia kitu. Ta Deo alimwona toka juu, na jamani, yule yule wa padri na altare, akashuka! Waya wa gitaa unamfuata ngazini kama mkia, anapiga huku anakuja, mpaka akasimama ubavuni kwa mwenzake. Hapo akanyamaza uso. Vidole vinaendelea, uso umenyamaza. Ndiyo mara yake ya kwanza kusikia.

Misana akainamisha kichwa upande wa kulia. Akasikiliza. Akakitazama kile kiti kitupu jukwaani, akamtazama Ta Deo.

"Huyo kijana wa kulia ni nani?"

Nikajibu mimi. "Wewe unamwonaje?"

"Anajua," Misana akasema. "Ila anachelewa kidogo."

"Anachelewa," Ta Deo akasema. "Ana sababu ya kivuko."

Misana akaangalia mkono wake uliolala tumboni. Halafu akaanza kucheka, taratibu, mabega yanatikisika, machozi yanamtoka na hayafuti, maana mkono mmoja umegoma na mwingine umeshika fimbo. Nikamfuta mimi kwa kitenge.

Basi wajukuu zangu, mikisa nimewaachia. Mtakuja na masikio yenu mapya, mtaona ile ishirini na mbili, mtasema huyu bibi alisahau kitu hapa, hawa wawili hawatui pamoja. Hatujasahau kitu. Zungukeni kwa miguu, hakikisheni kaunta ina waya mmoja, na huyo wa kulia mwacheni kama alivyo. Msimnyooshe.